Hilux ya 2012 kwa njia ya Ifakara–Malinyi: inchi 2 au inchi 4, na tairi lipi?

#1 MwanaUlanga

Wakuu, habari za kazi. Nina Hilux dabo kabini ya mwaka 2012, dizeli ya lita 3.0, gia za mkono, na bado inatembea na matairi ya kipimo ilichokuja nacho, 265/70R16. Kazi yake ni kupeleka mbolea na mbegu kutoka Ifakara hadi Lupiro na Malinyi, na wakati wa mavuno kurudi na mpunga, kwa kawaida magunia saba au manane nyuma.

Masika yaliyopita nilikwama mara nne. Mara ya mwisho, baada ya trekta kunivuta, nilirudi kwa miguu kuangalia pale nilipokuwa. Magurudumu yalikuwa yamezama kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, na lile tuta la katikati lilikuwa limesuguliwa laini kabisa kwa urefu wa hatua kama kumi, mfano wa sakafu iliyopigwa mwiko, likiwa na mfereji mdogo wa duara upande mmoja. Ni difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, iliyopita pale. Gari halikukosa nguvu, lilikuwa limelala kwa tumbo.

Sasa nimepata ushauri wa aina mbili hapa mjini. Fundi mmoja anasema niinue gari inchi 4 na kufunga 285/75R16, kisha nisahau habari za kukwama. Mwingine anasema inchi 2 zinatosha na matairi nibaki na haya haya. Kabla sijatoa fedha, naomba maoni ya waliopitia jambo hili wenyewe.

#2 Fundi wa Njiro

Karibu sana ndugu. Maelezo yako yana jibu ndani yake, kwa sababu umesema ni difu iliyosugua tuta. Hilux yako mbele ina koili springi na mikono miwili kila upande, na difu ya mbele imefungwa kwenye chesesi. Nyuma ina ekseli nzima ya chuma juu ya springi za bapa. Ukiinua gari kwa springi, kinachopanda ni chesesi, bodi, tangi la mafuta na difu ya mbele. Difu ya nyuma haipandi hata milimita moja, kwa kuwa inakaa katikati ya ekseli na ekseli inakaa juu ya matairi. Ukiinua inchi 2, 4 au 10, difu ya nyuma itabaki pale pale hadi ubadilishe kipimo cha tairi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni tairi. Kuinua gari kunafuata baadaye, ili tairi hilo lipate nafasi na ili gari lisilale nyuma likiwa na mzigo.

#3 Kilyamatundu

Nakubaliana na Fundi kuhusu difu, lakini sikubali kwamba kuinua ni jambo la pili. Mimi natumia Hilux ya aina hiyo hiyo kutoka Sumbawanga kushuka bonde la Rukwa, na nimefunga 285/75R16 pamoja na spesa (vipande vya kuongezea urefu) za milimita 50 juu ya shokapu za mbele ili kupata inchi zangu 2, na nyuma nikaongeza bapa. Tangu hapo sijawahi kuvutwa na trekta. Tope la bonde lile analijua aliyelipita, linashika tairi kama ugali wa moto unavyoshika mkono. Kaa na tairi kubwa, ndugu yangu, upana wake unaelea juu ya tope.

#4 Mzee wa Pori

Nimesoma na nimeona vijana mnarudia lile lile. Nimeendesha magari ya uwindaji na ya utafiti kwa zaidi ya miaka ishirini, mengi yakiwa Land Cruiser zenye matairi ya 7.50R16, membamba na marefu. Tairi jembamba linakata tope la juu na kwenda kutafuta ardhi ngumu iliyo chini. Tairi pana linakaa juu ya utelezi, linajaza meno, kisha linageuka kuwa mpira wa kuchezea. Kilyamatundu, mjukuu wangu, hukuwahi kuvutwa kwa sababu unajua kuendesha. Usilipe tairi sifa zako.

#5 Kipimo

Shikamoo Mzee. Naomba kuleta namba, ili tunaposema «kubwa» tuelewane.

265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777. 265/75R16 ina milimita 804. 285/75R16 ina milimita 834. Hizi ni hesabu za kilichoandikwa ubavuni, yaani upana mara asilimia ya ubavu, mara mbili, ukajumlisha rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406.4. Tairi halisi hupishana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Difu hupanda nusu ya ongezeko la kipenyo. Hivyo 265/75 inamwinulia MwanaUlanga difu kwa milimita 13, na 285/75 inamwinulia kwa milimita 28. Kwa macho ni kidogo. Kwenye tuta lililosuguliwa kwa urefu wa hatua kumi, milimita 28 si kitu cha kudharau.

Gharama yake ni hii. Kwa 265/75, spidomita ikionyesha 100 wewe uko kwenye 103 na kidogo. Kwa 285/75 uko kwenye zaidi ya 107. Na kwa kuwa kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi, ni sawa na kuzirefusha gia zako zote kwa asilimia 7. Injini yako itaisikia hiyo pale inapotakiwa kuondoka na magunia manane kwenye tope, na klachi itaisikia kabla ya injini.

#6 MwanaUlanga

Asante sana Kipimo, na shikamoo Mzee wa Pori. Fundi wa Njiro, nilikuwa sijalifikiria hilo la difu, na sikuelezwa na yeyote kati ya mafundi wale wawili.

Nimekwenda kupima leo asubuhi gari likiwa tupu. Kutoka sehemu ya chini kabisa ya difu ya nyuma hadi sakafu ya saruji ni sentimita 21. Kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, nyuma ni sentimita 55 na mbele ni 51. Nilipopakia magunia manane wiki iliyopita, nyuma ilishuka hadi 46. Matairi ya sasa yamebakiwa na meno ya milimita 4 hivi.

#7 MarsabitKwetu

Salamu kutoka Kenya. Sisi huku hatuna tope jingi, lakini tuna mawe. Njia ya kwenda Loiyangalani hupita kwenye mawe ya volkano yenye makali, na kinachotuumiza ni ubavu wa tairi. Nilipoteza matairi mawili kwa siku moja, yote kwa kukatwa ubavuni, na yalikuwa matairi ya kawaida ya gari dogo ingawa yalikuwa na meno makubwa na ya kupendeza.

Kwa hiyo ninamwomba MwanaUlanga asome ubavu wa tairi hadi mwisho, asiishie kwenye kipimo. Ikiwa kuna herufi LT mbele ya kipimo, hilo limetengenezwa kwa magari ya mizigo. Tazama pia namba ya uzito. Iliyoandikwa 112 hubeba kilo 1,120 kwa tairi moja. LT 265/75R16 ya daraja E mara nyingi huandikwa 123/120, na hiyo 123 ni kilo 1,550. Wewe unabeba mpunga, kwa hiyo hili linakuhusu kuliko meno. Ubaya wake ni kwamba LT huwa nzito kwa kilo kadhaa kila moja, na gari likiwa tupu litakurusha.

#8 Fundi wa Njiro

Kilyamatundu, naomba nikusahihishe kwa heshima, maana mtu anaweza kusoma hapa akaenda kununua. Spesa ya milimita 50 juu ya shokapu ya mbele haiinui gari inchi 2. Shokapu imefungwa karibu na katikati ya mkono wa chini, kwa hiyo gurudumu husogea karibu mara mbili ya shokapu. Spesa ya milimita 25 ndiyo inayotoa takriban inchi 2. Kama kweli zako ni za 50, basi mbele umekaribia inchi 4, na ningependa kujua hali ya mipira ya sivijoint zako, vile viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea: kuinua gari hakuongezi nafasi ya tairi ndani ya madigadi pale gurudumu linapopanda hadi mwisho. Ule mpira wa kuzuia mkono usigonge chesesi unabaki palepale, hivyo gurudumu linapobamizwa na shimo hufika kule kule lilikokuwa likifika zamani. Kwenye sakafu ya gereji 285 itaonekana imekaa vizuri na nafasi tele. Ukiingia shimoni huku umekata usukani, itakula plastiki ya ndani na kile kiungo cha bodi nyuma ya gurudumu la mbele.

#9 Kilyamatundu

Fundi, nimekubali sahihisho. Nimetoka kupima spesa na ni milimita 30, niliyoambiwa dukani ndiyo niliyoyaandika. Na kwa kuwa umeuliza, ni kweli, mpira wa sivijoint ya kushoto ulipasuka baada ya miezi mitano na grisi ikarukia ndani ya rimu yote. Niliukuta nilipokuwa naosha gari. Plastiki ya ndani nilikwisha kuikata siku ya kwanza, na kile kiungo cha bodi kiligongwa kwa nyundo kidogo.

Hata hivyo, Mzee wa Pori, tope la Rukwa halina hiyo ardhi ngumu unayoisema. Tairi jembamba litaitafuta hadi kesho kutwa. Mimi nimeona Land Cruiser yenye 7.50 imezama hadi kwenye chesesi, na mimi nikapita pembeni yake nikiwa na mzigo.

#10 Kijana wa Mlimba

Naifahamu njia ya Lupiro. Mnazungumzia tairi na springi, lakini mifereji ile imechimbwa na Fuso na matrekta, ambayo difu zake ziko juu kuliko zetu. Hata ukifunga 285, tuta la katikati litaendelea kukua kadiri malori yanavyopita. Mimi nina Hilux isiyoinuliwa, na ninachofanya ni kutoingia kwenye mifereji kabisa: gurudumu la kulia juu ya tuta, la kushoto ukingoni, gia ya pili ya chini, bila kusimama. Nikwame au nisikwame, inategemea nilivyoingia.

#11 Dada wa Mahenge

Kijana wa Mlimba amesema kweli kwa kiangazi na kwa mvua ya kwanza. Baada ya wiki tatu za mvua ukingo wenyewe hubomoka, na ukiwa na mzigo gari huteleza kiubavu na kuangukia mferejini.

Nimeingia kusema jambo ambalo sijaona limeguswa. Gari la ofisi ninaloendesha liliinuliwa nyuma kwa springi mpya nzito, inchi 2 na zaidi. Kuanzia siku ile likawa linapiga pua kila nikifunga breki, na kwenye mteremko wa Mahenge nikiwa na dawa na majokofu nyuma nilihisi kabisa kwamba kazi yote inafanywa na magurudumu ya mbele. Nilirudi gereji mara mbili wakabadilisha pedi. Mara ya tatu fundi mzee alilala chini akaona kile kifimbo kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chesesi. Kazi ya vali ile ni kupima mzigo. Gari likilala nyuma, inajua kuna mzigo na inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari lilipoinuliwa, ikadhani daima ni tupu. Alitengeneza kibati cha kukirudisha kifimbo kwenye pembe yake ya zamani na breki zikarudi. MwanaUlanga, tafadhali hakikisha hilo linafanyika siku hiyo hiyo ya kuinua. Angalia pia kama mpira wa breki wa nyuma hauvutiki gari likining'inia kwenye jeki.

#12 Fundi wa Njiro

Dada, ubarikiwe. Hilo ndilo linalosahaulika kuliko yote. Naongeza propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Hilux hii ina propela ya vipande viwili yenye senta beringi katikati. Ukiinua nyuma sana, gari linatetemeka likiondoka likiwa tupu, na likiwa na mzigo linatulia, kwa sababu pembe imerudi. Watu hubadilisha beringi wakidhani imekufa, kumbe ingetosha kuishusha kidogo kwa vibati.

Na baada ya kuinua mbele ni lazima alaimenti ifanywe na mtu mwenye mashine. Ile pembe inayofanya usukani ujirudishe wenyewe katikati, tunayoiita kasta, hupungua. Hadi takriban inchi 2 inarekebishika kwa bolti za mkono wa chini. Zaidi ya hapo unahitaji mikono mipya ya juu, na gari usilolifanyia hivyo huanza kutangatanga barabarani.

#13 Mwambao wa Maskati

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, ninaishi Oman, na siku za mapumziko tunakwenda kwenye mchanga wa Sharqiya. Hapa Hilux isiyoinuliwa kabisa hupanda matuta yanayowashinda wenye magari ya inchi 4, na siri yake ni upepo. Tunashusha hadi psi 15 au 18, na tairi hujilaza na kurefuka. Watu wengi hudhani linapanuka, lakini sehemu kubwa ya ongezeko ni urefu wa alama yake chini, ndiyo maana hata tairi jembamba hufaidika. Nashangaa kurasa mbili zimepita na hakuna aliyeuliza MwanaUlanga aliingia kwenye tope na upepo kiasi gani.

#14 MwanaUlanga

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Swali zuri. Niliingia na 40 nyuma na 32 mbele, kwa sababu ya mzigo. Sijawahi kushusha.

#15 Mzee wa Pori

Upepo wa 40 kwenye tope jeusi ni kama kutembea juu yake na viatu vya mchuchumio. Hapo Maskati amegonga penyewe.

Lakini mchanga si tope, na gari tupu la matembezi si gari la magunia manane. Ukishusha hadi 15 na mzigo ule, ubavu utajikunja na tairi linaweza kuvuka rimu. Mimi nisingekwenda chini ya 25 nyuma. Tena kumbukeni, kila unaposhusha upepo, ekseli nayo inashuka. Kipimo amepigania milimita 13 za difu, na upepo ukishushwa sana unaweza kuzirudisha zote.

#16 Kipimo

Mzee, hilo la ekseli kushuka ni la kweli kabisa, na ndilo linalonifanya niendelee kuitetea 265/75. Inakupa ubavu mrefu zaidi kuliko wa sasa, milimita 199 badala ya 186, kwa upana ule ule. Inakaa vizuri kwenye rimu yako ya inchi 7. Kwa 285/75 viwanda hutaka rimu kuanzia inchi 7.5, kwa hiyo hesabu ya MwanaUlanga ingekuwa matairi matano pamoja na rimu tano. Nasema matano kwa makusudi. Tairi la akiba la kipimo tofauti, ukilifunga kwenye fowili (mwendo wa magurudumu yote manne) isiyo na difu ya katikati, mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti na gia boksi ndiyo inayoumia.

Kuhusu inchi 4, sitaficha kwamba ninaogopa. Mwaka 2016 jarida la magari la Uswidi, Teknikens Värld, lilijaribu Hilux mpya kwa kukwepa kizuizi ghafla, na gari likanyanyua magurudumu mawili hewani. Mwaka 2007 walikuwa wamepata matokeo kama hayo kwa Hilux ya umbo la hii yako. Yale yalikuwa magari ambayo hakuna aliyeyainua. Sasa weka inchi 4, weka mpunga hadi juu ya kabini, kisha mbuzi akatize barabara.

#17 Kilyamatundu

Kipimo, mimi mbuzi ninawapunguzia mwendo tangu mbali. Kila gari la mzigo hubebwa na busara ya dereva. Bado ninasema, kwa bonde la Kilombero milimita 13 hazitoshi, na MwanaUlanga atarudi hapa mwakani kutuambia amekwama tena.

#18 Dada wa Mahenge

Kwenye hayo matairi naomba kila mmoja akumbuke kusoma tarehe. Kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Niliwahi kuuziwa matairi ya mtumba yenye meno mazuri kuliko mapya, nikayaona baadaye kwamba yalikuwa na miaka tisa. La kwanza lilichanika likiwa limeegeshwa.

#19 MwanaUlanga

Ndugu zangu, ni wiki ya saba sasa na ninawiwa kuleta taarifa.

Nilifunga LT 265/75R16 tano za meno ya kati, si yale ya tope tupu, kwa kuwa nusu ya safari yangu ni barabara nzuri na mvua huko ni ya kuogofya. Mbele niliweka koili na shokapu mpya badala ya spesa, gari likapanda milimita 40. Nyuma niliweka springi za bapa zilizoandikwa kwa mzigo wa daima wa kilo 300. Kile kifimbo cha breki kilirekebishwa, nilisimama juu ya fundi hadi akamaliza. Alaimenti nilifuata Morogoro.

Difu ya nyuma sasa iko sentimita 22.9 kutoka sakafuni. Nilitarajia milimita 13, nimepata 19. Nyuma gari likiwa tupu limesimama sana na linarusha, mke wangu hapendi. Likiondoka tupu kuna mtetemo mdogo ambao Fundi aliutabiri.

Wiki mbili zilizopita nilipita pale pale nilipokwama, na magunia saba, upepo 28 nyuma na 24 mbele. Difu ilisugua tuta, niliisikia chini ya miguu, lakini gari halikusimama. Nyuma yangu ilikuja Land Cruiser ya 7.50 na ikapita bila hata kubadili sauti.

#20 Mzee wa Pori

Asante kwa kusema ukweli kuhusu hiyo Land Cruiser.

#21 Kilyamatundu

Mzee, Land Cruiser ile ina difu ya aina nyingine na huenda ilikuwa tupu. MwanaUlanga, ilikuwa na mzigo? Na difu yako imesugua. Ungekuwa na 28 badala ya 13 usingesikia kitu.

#22 Kipimo

Zile milimita 6 za ziada zinatoka kwenye meno. Ya zamani yalikuwa 4, mapya ya aina hiyo huwa na 10 au 11. Maana yake ni kwamba utazipoteza tena pole pole kadiri yanavyoisha. Na usisahau kwamba kilomita za gari sasa zinasomwa pungufu: 1,000 za kwenye dashibodi ni takriban 1,034 za kweli, kwa hiyo usilaumu ulaji wa mafuta kabla hujazidisha.

#23 Kijana wa Mlimba

Mimi nilipita hapo Jumanne na 265/70 zangu, juu ya tuta, bila kusugua. Ila nilikuwa na gunia mbili tu, sitaki kudanganya.

#24 Fundi wa Njiro

MwanaUlanga, kabla ya kushusha senta beringi nina mambo mawili. Kwanza, kama ulipita kwenye maji na difu ikiwa ya moto, fungua nati ya kujazia oili uchungulie. Difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji ya baridi hunyonya hewa kupitia kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli, na kama kimefunikwa na maji hunyonya maji. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo. Kisha ongeza mpira mwembamba kwenye kitundu hicho ukaupandishe hadi nyuma ya taa.

Pili, hukutupa kipimo cha nyuma likiwa na mzigo. Zamani ulisema kutoka 55 lilishuka hadi 46. Bila kujua sasa linashuka hadi wapi, hatuwezi kusema kama zile springi za kilo 300 ni nzito mno kwako au ni sawa.

#25 MwanaUlanga

Fundi, oili nimeichungulia sasa hivi na ni safi, ya rangi ya asali. Kilyamatundu, Land Cruiser ile ilikuwa na watu sita na mapipa mawili, sikuhesabu zaidi. Jumamosi ninapakia magunia manane Malinyi, nitapima kutoka katikati ya gurudumu hadi madigadi kabla ya kuondoka na nitaziweka namba hapa.